Nepi Zilizosomwa Mlangoni

Ubani ukichomwa popote, hata leo, mimi nasikia harufu ya nepi. Mnisamehe mlio mezani, lakini sitazungusha maneno. Nyumba yetu ya mtaa wa Kiwanjani, mwaka ule wa sabini na kitu alipozaliwa mdogo wangu Idris, ilinukia vitu hivyo viwili pamoja: ubani uliofukizwa chumbani kwa mama asubuhi na jioni, na nepi za marikani zilizolowekwa kwenye karai nyuma ya jiko. Nilikuwa darasa la tatu, na kazi ya kuzianika uani ilikuwa yangu. Upepo wa Isiolo ulizikausha upesi kisha ukazijaza vumbi, nami nikizikung'uta nilinung'unika peke yangu, nikijiuliza mtu mdogo vile anawezaje kuchafua vitambaa vingi hivyo.

Kabla nepi haijafika kwenye karai, ilipitia kwanza kwa nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Ayeyo, kama Wasomali wanavyowaita nyanya zao. Alikuja kumtunza mama siku zake za arobaini, siku ambazo mzazi hatoki nje wala hashiki kazi. Baba alikuwa safarini na lori lake, njia ya Sericho, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake. Ayeyo aliichukua kila nepi, akasimama nayo mlangoni penye jua, akaikunjua, akaitazama, akainusa, ndipo akatoa habari kwa nyumba nzima. Choo cha kwanza cha Idris kilikuwa cheusi tititi, kinanata, hakitoki hata kwa sabuni. Nilipiga kelele nikidhani mtoto anaoza ndani. Ayeyo alicheka mpaka akashika mlango. "Serikali imeshindwa kuleta lami huku kwetu," akasema, "mtoto ameleta mwenyewe!" Kisha akanieleza kwamba uchafu ule ni wa tangu tumboni mwa mama yake, na kwamba lazima utoke wote.

Basi nikawa nasimama naye mlangoni kila nikirudi shule. Baada ya ile lami kilikuja cha kijani kibichi, halafu cha hudhurungi, halafu siku moja Ayeyo akapiga kigelegele: choo kimekuwa cha manjano, laini, chenye chembechembe kama za ufuta, na harufu yake si ya kukunja pua, ni kama ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Hicho ndicho choo cha mtoto anayenyonya akashiba, akaniambia. Cheupe kama majivu, hapana. Chenye damu, hapana. Cha maji matupu, kimbia hospitali. Wallahi, yule mwanamke alikuwa na macho! Wenzangu waliringia viatu vipya, mimi nikaringia kujua mavi ya mtoto, na nilisimulia shuleni mpaka mwalimu akanifukuza nje.

Sasa lazima niwaambie kwa nini nyumba nzima ilishika pumzi juu ya nepi. Kabla ya Idris, mama alimzaa Abdi. Kwa kawaida ya ukoo wetu, mtoto akizaliwa alilambishwa kijiko cha samli iliyoyeyushwa ili tumbo lifunguke. Mimi nililamba, baba alilamba, na Abdi naye akalambishwa na Ayeyo. Tumbo la Abdi lilifunguka likakataa kufunga. Aliharisha, utosi ukabonyea, na arobaini yake haikufika. Hakuna aliyesema ni samli. Ayeyo alisema ni jicho la watu. Lakini Idris alipozaliwa mama alimshika kifuani asimpe mtu mpaka amemnyonyesha, na samli ikarudi kabatini bila neno.

Arobaini ya Idris ilipotimia, tukachinja mbuzi, wageni wakaja, mtoto akapitishwa mikono kwa mikono. Tangu siku ile choo kikakatika. Nepi zikawa na mkojo tu. Siku ikapita, ikaja nyingine, Ayeyo akasimama mlangoni na kitambaa kisicho na habari yoyote, akakigeuza huku na huku. Wiki ilipokaribia kwisha hakuwa akitania tena. "Wamemtia jicho," alisema. "Amefungika, kama hatumfungui atatufia." Mimi nikaacha kula. Kila nikimtazama Idris namwona Abdi.

Asubuhi moja nilimkuta Ayeyo jikoni akiyeyusha samli. Aliingia na kijiko chumbani, mama akiwa kwenye mkeka na bakuli la uji mbele yake, Idris mapajani. Mama yangu alikuwa Mborana mpole, mwanamke ambaye hakuwahi kumjibu mama mkwe wake hata kwa jicho. Aliona kile kijiko, akamvuta mtoto kifuani.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Abdi nilikupa. Huyu sikupi."

Yaa Rabi! Nilitamani ardhi inimeze. Ayeyo alibaki amesimama, samli inamdondokea vidoleni. Nilidhani atapiga mayowe, ataita wazee, atamrudisha mama kwao Sericho. Badala yake akauliza polepole, "Utangoja mpaka lini?"

"Mguse," mama akasema. "Tumbo likiwa gumu, au akitapika, au akikataa titi, tunaenda hospitali saa hiyo hiyo. Lakini mguse kwanza."

Ayeyo akaketi. Akapeleka mkono usio na kijiko kwenye tumbo la Idris, akabonyeza hapa na pale, akangoja. Idris akamtazama, akajamba kwa nguvu ya mtu mzima. "Laini," Ayeyo akasema. Hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Alichukua kile kijiko akakimimina kwenye uji wa mama, akakoroga. "Basi kula wewe. Imfikie kupitia kwako." Mama akala, machozi yanamtiririka, na Ayeyo akakaa palepale mkekani kungoja naye.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ayeyo alikuwa amevaa nguo yake nzuri, ile ya sikukuu, akimpakata Idris kidogo tu kabla hajatoka, aliponyamaza ghafla katikati ya neno. Nepi haikuweza kuzuia. Ilikuwa manjano tupu, kutoka mapajani hadi kwenye pindo. "Alhamdulillahi!" alipiga kelele mpaka jirani yetu, mama mmoja Mturkana, akaruka ua kuja kuona nani amekufa. Ayeyo hakubadili nguo. Alitoka nayo hivyohivyo mlangoni penye jua, akamwonyesha jirani, akacheka, kisha nikaona kicheko kimegeuka kilio, na analitaja jina la Abdi. Mama alitoka akamshika bega.

Nawastahi wanawake wale wawili mpaka kesho. Mmoja alithubutu kukataa, mwingine alithubutu kugusa. Leo nepi ni za dukani, zinakunjwa zikatupwa, hakuna anayezisoma mlangoni. Binti yangu ana kliniki, ana simu, na anajua mengi ambayo sisi tulibahatisha. Mwaka jana alipojifungua nilifika kwake nikiwa nimebeba kikopo cha samli. Alikiona, akanitazama, akamvuta mtoto kifuani vilevile kabisa. Niliomba bakuli lake la uji, nikachota kijiko, nikakoroga, nikamrudishia.

"Ni yako," nikamwambia. "Kula, mwanangu."

Halafu nikanawa mikono, nikaomba kumgusa mtoto tumbo.