Kipande cha Sabuni

Jana sokoni Kiboriloni nilisikia harufu ya sabuni ya mche, nikasimama.

Utotoni nililelewa na bibi, Machame. Kila Jumamosi alinituma dukani nikanunue kipande. Mwenye duka, mama mmoja mnene, alikikata kwa waya.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako amerudi?"

"Atakuja wiki ijayo," nilijibu kila mara, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo.

Jumamosi moja alinikatia sabuni, akaifunga kwa gazeti, asiniulize kitu. Nilisubiri, kidevu juu ya kaunta. Mwishowe nikasema mwenyewe, "Mama atakuja wiki ijayo."

"Haya, mwanangu," alisema, akageukia rafu. "Wahi, mvua inakuja."

Nilipanda polepole katikati ya migomba. Nilikuwa nimebaki peke yangu kumngoja.