Uji wa Nyanya Ndani ya Helmeti

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano huko kwetu karibu na Kianjai, kila mtu alijua kwamba kona ya chini ya soko inakula vijana. Mugumo wa zamani, mti wa matambiko, ulikatwa hapo ili lami ipite, na wazee walisema mti ule unajilipa. Vijana watatu wa pikipiki walikuwa wamefia kwenye kona hiyo, mmoja wao jirani yetu aliyezoea kunibeba mabegani. Kwa hiyo kaka yangu Kinoti aliponunua pikipiki ya bodaboda, mimi nilirukaruka kwa furaha na nyanya yetu akakosa usingizi.

Kinoti alikuwa na miaka ishirini, na nywele alizozipenda kuliko alivyotupenda sisi sote. Helmeti aliitundika kwenye usukani.

"Hiyo ni ya polisi," alimwambia Nyanya. "Nikiwaona, navaa."

Nyanya hakubishana. Asubuhi iliyofuata alitoka jikoni na kikombe cha uji wa wimbi, akapiga funda moja, na badala ya kumtemea Kinoti kifuani, kama wazee wetu wanavyombariki mtu, akautema wote ndani ya helmeti.

"Sasa sikia," akasema. "Hiyo baraka lazima ikaukie kwa kichwa yako. Ikikauka peke yake hapo kwa upepo, inageuka laana. Na usipanguse."

Tulicheka mpaka mama akaegemea ukuta. Kinoti hakucheka. Alikuwa kijana wa kisasa, wa simu na miwani ya jua, lakini hakuna aliyetaka kujaribu laana ya nyanya yake. Aliivaa, uji ukamteremka shingoni, akaondoka. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Wenzake wa steji ya bodaboda wakambandika jina la Wimbi, na wasichana wa sokoni wakawa wanamuuliza kama uji wa leo una sukari.

Mwezi wa pili wa uji huo, asubuhi ya mvua, aliteleza kwenye kona ile akiwa amebeba gunia la kabeji. Alirudi nyumbani kwa miguu, viwiko vimechubuka, mkononi ameshika helmeti iliyopasuka kutoka mbele hadi kisogoni. Mama alilia. Nyanya aliichukua helmeti, akatia kidole ndani, akakuta uji bado haujakauka. Akapiga vigelegele kama anayempokea mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Kona imeonja plastiki," akasema. "Hiyo hairudii tena."

Siku hiyo tulikula kabeji zilizookotwa pale konani mpaka tukachoka, na sikumbuki chakula kingine kilichowahi kuwa kitamu hivyo.

Sasa mimi ni muuguzi, kwenye chumba cha majeruhi. Vijana wengi ninaowapokea hawaletwi na ugonjwa. Wanaletwa na barabara, vichwa vitupu, na wengine nimewafumba macho kwa mikono yangu mwenyewe. Mwaka jana nilimuuliza Nyanya sheria ile ya uji kukaukia kichwani aliitoa kwa wazee gani, maana hata mama hakuwahi kuisikia popote.

"Nilikuwa nimetoka matanga tatu," akasema. "Polisi hasikiwi, mwalimu hasikiwi. Lakini nani atakataa uji ya nyanya yake?"

Kumbe aliitunga mwenyewe, usiku ule aliokosa usingizi. Nilimkumbatia nikacheka huku machozi yananitoka.

Jumamosi iliyopita nilifika kwake asubuhi nikakuta vijana wa steji wamepanga foleni uani, kila mmoja na helmeti yake ameigeuza kama bakuli. Kinoti, ambaye zile nywele zimeshamkimbia, alikuwa akiwahimiza wasogee. Nyanya, na meno yake mawili, alikuwa amefika kwa kijana wa nne na uji kikombeni unakaribia kuisha. Nilivua koti, nikaingia jikoni, nikaongeza unga.