Sweta ya Mke Wake

Nisiwadanganye. Nilimwonea wivu mke wa yule mwanamume kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori la kahawa, mdomo asali, na aliniacha Nyeri na mimba ya miezi mitano akaenda kufunga ndoa kanisani Kerugoya. Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni ni habari kwamba mama yake alimpokea bibi harusi kwa nyimbo na vigelegele. Mimi nilipopelekwa pale nyumbani, hata chai hakunipa.

Nilikuwa fundi wa nguo, nimepanga chumba Majengo kwa mama mmoja Mwislamu aliyejua mambo ya korti kuliko askari. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, msichana aliyezalishwa nje ya ndoa aliweza kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo kila mwezi. "Nenda mapema," aliniambia hata kabla sijajifungua. "Mtoto akipita miaka mitatu watakufungia mlango." Nikamwambia sitaki kitu chake. Akacheka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu." Niiname? Huyo mke wa Kerugoya anione nimeinama? Thubutu!

Binti yangu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, huyo wa Kerugoya akaja mwenyewe. Nilikuwa nakata kitambaa nikasikia hodi, na kabla hajajitaja nilimjua. Alikuwa na mimba kubwa na uso wa upole, na upole wake ndio uliniudhi zaidi. Akanipa sweta ya mtoto, ya rangi ya maziwa, aliyoifuma kwa mkono wake. Mfukoni mlikuwa na noti zimekunjwa. "Baba yake amesema umnunulie mtoto maziwa," alisema. "Usikasirike, dada. Mtoto hana makosa."

Dada! Nani dada yake?

Alipoondoka niliichukua ile sweta nikaikagua fundo kwa fundo nikitafuta kosa, maana mimi ni fundi na kosa nalijua. Sikupata. Pesa nilizila, siwezi kukataa, tena maziwa yalinunuliwa na godoro juu yake. Lakini sweta sikumvika mtoto. Niliifanya tambara la kupigia deki, na kila nilipoikamua nilisikia raha.

Basi ningeendelea hivyo mpaka leo, kama nisingesikia sokoni kwamba yule mwanamume amemnunulia mkewe mashine ya kufuma. Mashine nzima! Mimi nikishonea cherehani ya kukodi, na binti yangu, mwenye miaka minne sasa, nikijua karo yake ya shule sitaiweza. Wiki hiyo hiyo nikaenda kushtaki. Mama wa Majengo alishika kiuno. "Leo ndiyo unakumbuka?" Lakini alinisindikiza.

Siku ya kesi mwanamume alikuja na mkewe, mke amevaa koti zuri. Mimi nilisimama nimembeba mtoto mgongoni, mkubwa hivyo, ili hakimu aone sura ya baba yake. Hakimu alikuwa mzee asiye na haraka. Akaniuliza kama baba amewahi kutoa chochote kwa ajili ya huyu mtoto.

"Hata senti!" nikasema, na nikamtazama yule mwanamume aone aibu. Hakuona aibu. Alipumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mama, sikia vizuri. Mtoto amepita miaka mitatu. Umechelewa. Lakini kama baba alitoa kitu cha kumtunza, na tangu siku hiyo miaka mitatu haijaisha, bado naweza kusikiza kesi yako. Fikiria tena."

Mama wa Majengo alinifinya mkono mpaka nikaumia. Nilifungua mdomo. Ningesema, naapa ningesema, lakini yule mke akatangulia kusimama. Mumewe alimvuta koti, akautoa mkono wake. "Mzee," alimwambia hakimu, "pesa alizitoa. Mimi ndiye nilizipeleka, na sweta juu yake. Hata miaka mitatu haijaisha."

Hakimu akanigeukia. "Ni kweli?"

Ngai wangu! Ana mume, ana mama mkwe wa kumwimbia, ana mashine, ana mkono usiokosea, na sasa hata haki ya mtoto wangu inipitie mkononi mwake? Niondoke pale nikimwambia asante?

"Ni uongo," nikasema. "Huyu mwanamke simjui."

Hakimu akaandika. Kesi ikaishia hapo. Baadaye hata sheria yenyewe ikafutwa, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Binti yangu aliacha shule darasa la tatu. Nilimpeleka Endarasha akalee mtoto wa mwalimu mmoja, na watoto wa yule mke wa Kerugoya wakaendelea na masomo. Siku ile nilipokuwa nikimuaga pale kwa mwalimu aliniuliza, "Mami, baba hajui kama niko?"

Nikamwambia anajua, ila hajawahi kujali. Mpaka leo sijamwambia vingine.