Isukuti ya Riruta Si ya Kukaribisha Watalii

"Usiniambie ngoma ziko njiani, Nanjala. Ngoma hazina miguu. Mumeo amezipeleka wapi?"

"Hotelini, dada. Leo ni Jumamosi, Zedekiah anawachezea watalii."

"Na Peres anachezewa na nani?"

Milcah hakumngoja mdogo wake ajibu. Peres, mkunga wa mtaa wetu wa Riruta, alikuwa amelala ndani ya jeneza uani kwake, na jioni hiyo basi lingempeleka nyumbani Kakamega. Kwetu mtu haondoki kimya kama mwizi. Anasindikizwa na isukuti, ngoma tatu: baba, mama na mtoto. Tulizinunua kwa mchango wa chama chetu, Zedekiah tukampa azitunze. Hatukumpa azikodishe.

Milcah alifika Nairobi mwaka wa sitini na moja, akauza mandazi River Road hadi wenye maduka ya misumari wakawa wanamtambua kwa sauti. Siku moja mtalii alimpiga picha bila kuuliza, ameinama juu ya karai. Milcah alimwelekezea mwiko unaodondosha mafuta. "Na mimi nikupige?" Mtalii akanunua mandazi matano na kwenda zake.

Si kwamba kila mtu mtaani aliwachukia watalii. Siku hizo za sabini na nne magari yao ya milia yalipita kwetu, watoto wakiyakimbiza kuomba peremende, na wazazi wengine walicheka tu. Fundi wetu wa viti aliacha viti akawa anachonga twiga. "Twiga hakaliwi," Milcah alimwambia. "Kiti changu kiko wapi?"

Basi siku ile ya kumsindikiza Peres, Milcah alifunga kitambaa kichwani, tukaenda, mimi na yeye, mpaka hoteli hiyo ya mjini. Askari wa lango alituuliza sisi ni nani. "Wacheza ngoma," Milcah akajibu, akapita.

Kwenye bustani tukamkuta Zedekiah na wenzake wawili wamevishwa ngozi za nyani ambazo hata babu zao hawakuzijua. Kijana wa tai, ndiye mtangazaji, alikuwa akiwaeleza watalii kwamba hii ni ngoma ya kukaribisha wageni. Nikasikiliza mdundo, nywele zikanisimama. Ulikuwa mdundo wa kumtoa maiti ndani ya nyumba! Zedekiah aliuchagua kwa sababu ndio wenye nguvu kuliko yote, na wazungu walikuwa wakiutingishia mabega.

Milcah akasimama katikati ya nyasi. "Wewe wa tai! Waambie hii ni ngoma ya matanga!"

Kijana akatafsiri. Kiingereza changu cha shule ya msingi kilinitosha: alisema mama huyu anawaambia karibuni Kenya. Watalii wakampigia makofi, mzee mmoja akainua kamera.

Milcah hakuwageukia. Alikwenda moja kwa moja akashika mkanda wa ngoma mama, begani kwa Zedekiah.

"Shemeji, utaniharibia kazi," Zedekiah akanong'ona.

"Kazi gani? Hawa unawatoa kama maiti wakinywa soda, na Peres amelala kimya. Watoto wako wanne walipokelewa na mikono ya nani?"

"Mama, burudani bado inaendelea," kijana wa tai akasema.

"Iendelee. Piga meza."

Zedekiah aliwatazama wageni, akaitazama ngoma. Kisha akavua ngozi ya nyani, akaiweka juu ya kiti cha mtangazaji. Wenzake wakavua pia. Wao siku zote waliingilia mlango wa jikoni, lakini leo tulitokea lango la mbele, ngoma zote tatu begani, watalii nyuma wakiendelea kutupiga picha. Wapige! Hatukusimama.

Zedekiah alimpigia Peres mpaka jeneza likapakiwa na injini ikawashwa. Hapo Tobias, mwenyekiti wa chama, akakumbuka kanuni: anayetoa ngoma bila ruhusa hutozwa jogoo.

"Jogoo wetu, Zedekiah. Na sasa huna hoteli, sijui utamtoa wapi."

Zedekiah akatazama viganja vyake vilivyovimba.

"Huyo jogoo amesamehewa," Milcah akasema, akizifunika ngoma kwa gunia.

"Na wewe ni nani wa kusamehe?"

"Mimi ndiye ninayewapikia majogoo wenu wa faini. Huyu sipiki. Panda basi."

Tobias akapanda.