Nilivyoosha vyombo vya maziwa vya kina mama wa Garissa kwa sabuni

Wakuu, salaam kwenu.

Nakuja na kisa changu mwenyewe, si cha "rafiki yangu mmoja". Mjinga kwenye uzi huu ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipata posting ya ualimu Garissa. Mimi ni Mkamba wa Kitui, jua halikunitisha. Kilichonishinda ni kukaa bure wikendi.

Karibu na soko kulikuwa na chumba cha mabati ambamo kina mama sita wa Kisomali walisuka vyombo vya maziwa, nikawa nashinda hapo nikiwatazama. Si vibuyu, wakuu. Ni mizizi na nyuzi za miti, zimesukwa zikakazana mpaka maziwa hayavuji hata tone. Kiongozi wao, Mama Habiba, alitoka Elwak. Mkali, halafu mcheshi balaa.

Ukame ulikuwa umepiga na ng'ombe wamekwisha. Sasa kama hakuna maziwa, nani atanunua chombo cha maziwa? Mwenye chumba naye akasema mwezi ukiisha anampa muuza sukari. Wawili kati yao walishaanza kusema wanaacha kusuka, bora foleni ya chakula cha msaada.

Iliniuma. Walikuwa wanajua kazi wale watu.

Wakaniomba niwaandikie mashirika barua za Kiingereza, za kuomba msaada. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi! Mwishowe shirika moja lililofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo likajibu kwamba litakuja Jumamosi kuona. Likiridhika, litalipia chumba mwaka mzima na kuwatafutia wanunuzi.

Chumba kilikuwa kinafagiliwa, basi Ijumaa asubuhi vyombo vikaletwa kwangu. Kimoja hakikuwa cha kuuza. Mama Habiba alipewa na mamake siku alipoolewa. Kililetwa ili wageni waone kazi ya zamani.

Wakuu, nikavinusa. Moshi mtupu! Ndani vyeusi tii.

Nikajiambia, mzungu akinusa hivi atakimbia hadi Nairobi. Nikachota maji, sabuni ya unga, brashi. Nikasugua vyote, na kile cha mamake pia, nikavianika juani. Tena nikipiga mluzi. Confidence ya mwalimu mnaijua nyie.

Jumamosi asubuhi Mama Habiba akaja. Akashika kimoja, akanusa. Akashika cha pili.

"Mwalimu, hii nani naosha?"

"Mimi, mama. Si vimetakata?"

Alimimina maji kwenye kile cha mamake, yakatoka chini kama kwenye chujio. Akakaa mchangani, amekipakata.

"Mwalimu, hii moshi ndio sabuni yake. Moshi nafunga, moshi nachunga maziwa. Wewe natoa yote."

Nililia, wakuu. Mtu mzima, shati la kazini, nalia. Nikamwambia niende nikawazuie wageni njiani, niseme kuna ugonjwa.

"Wallahi hapana! Hakuna uongo. Lete moto."

Ndio siku nilijua yule mama ni nani. Aliita wenzake wote waje uani kwangu. Makaa ya mti wao maalumu yanatiwa ndani ya chombo, unafunika, unatikisa, unamwaga, unarudia. Kisha unapaka mafuta ya mnyama, unarudia tena. Nami nikapewa cha kutikisa. "Moshi ya leo nakula wewe," akasema, wenzake wakacheka mpaka leso zikaanguka.

Wageni walitukuta hivyo hivyo, uani moshi, macho yangu mekundu kama pilipili. Nilitaka kuanza ile hotuba niliyoikariri usiku. Mama Habiba akanitangulia, akanionyesha kwa kidole.

"Huyu secretary yetu. Naosha chombo na sabuni."

Wakacheka, halafu wakakaa. Wakauliza mti gani, mara ngapi, nani aliwafundisha. Jirani akaleta maziwa ya ngamia, yakatiwa kwenye chombo kilichopona. Wakanywa, wakaomba tena. Chumba kilibaki cha kina mama, na wale wawili hawakwenda foleni.

Msije mkasema kosa langu ndilo lililowaokoa. Hapana! Aliyewaokoa ni Mama Habiba, aliyekataa kudanganya wakati mimi nilishatunga ugonjwa.

Kile cha mamake hakikupona. Walikifukiza siku tatu, bado kikavuja.

Nilipopata uhamisho alikuja kuniaga akiwa amekifunga kwenye leso. Nikakataa, nikamwambia hiki ni cha mamako, mimi nani?

"Wewe naosha, wewe nachunga."

Nilichojifunza: ukitaka kumshika mkono msanii wakati mgumu, muulize kwanza anataka nini. Barua zilisaidia kwa sababu waliniomba barua. Sabuni hawakuniomba.

Sasa nyie, huko kwenu kuna fundi gani anayekaribia kuacha kazi yake, na kuna aliyemuuliza amekwama wapi? Andikeni hapo chini. Na wanaotaka kunicheka, ruksa, nimeshazoea.

Mke wangu huniuliza kwa nini nafukiza chombo kisichobeba hata maji. Namwambia nimeachiwa nikichunge. Nitasoma comments jioni, sasa hivi makaa yameshakolea.