Asubuhi Mama Pindo Aliposhindwa Kuomba

Kwa kukunja pindo la nguo hakuwa na mpinzani, ndiyo maana wenzake walimwita Mama Pindo. Alishona katika karakana ya sare na majoho, chumba kirefu chenye safu mbili za cherehani na meza ya pasi dirishani. Kila asubuhi, kabla mguu haujakanyaga cherehani, mafundi walisimama wakaomba, leo huyu, kesho yule. Msimamizi ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, na Mama Pindo alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Si kila kazi huanza kwa sala. Nyingine huanza kwa matusi.

Siku moja msimamizi alimtuma mpiga pasi maji ya kunyunyizia, akashika pasi mwenyewe anyooshe kola ya joho la kwaya. Simu ikalia. Akailaza pasi juu ya kitambaa, akatoka nje kuongea. Mama Pindo alinusa moshi, akainuka mbio, lakini moto haumsubiri mwenye magoti mabovu. Joho lilikuwa limekwisha toboka.

Msimamizi alirudi, akaliona, akamgeukia mpiga pasi aliyekuwa anaingia na ndoo.

"Toka! Nisikuone tena hapa!"

Mpiga pasi alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Alichukua mkoba wake, akaondoka analia bila sauti.

Mama Pindo hakutaka kumwaibisha mtu mbele za watu. Alimfuata msimamizi ofisini, akafunga mlango.

"Mwanangu, pasi uliiacha wewe. Nilikuona."

"Mama, shona pindo. Mambo ya pasi yana mwenyewe."

"Mwenyewe si umemfukuza?"

"Unataka kumfuata?"

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye mguu ulikuwa umemkalisha nyumbani.

"Na wewe ukifukuzwa, tutakula nini, mke wangu?"

"Tulichokuwa tunakula kabla sijapata kazi."

"Lakini tulikuwa hatuli!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mzee akapangusa macho, akasema, "Kaseme kweli. Ila usimtukane."

Kesho yake zamu ya kuomba ilikuwa ya Mama Pindo. Alisimama mbele ya wenzake.

"Leo sala imenishinda. Siwezi kumshukuru Mungu kwa kazi yangu huku mwenzangu amenyang'anywa yake kwa kosa lisilo lake. Aliyeiacha pasi anajijua."

"Unagoma?" msimamizi akafoka.

"Sigomi, bosi. Kushona nitashona, tena vizuri. Kuomba tu ndiko kumekataa."

Akaketi. Msimamizi akamwamuru fundi wa jirani aombe. Huyo akadai ana mafua. Aliyefuata naye koo likamkauka. Hata yule wa vifungo, ambaye sala zake huwa ndefu kuliko joho la askofu, alibana midomo.

Basi msimamizi akafumba macho aombe mwenyewe. Akafungua kinywa, neno likagoma kutoka. Akafumbua macho, akaitazama meza ya pasi isiyo na mtu. Akachukua koti lake, akatoka.

Alirudi jua limekwisha panda, mpiga pasi yuko nyuma yake.

"Joho niliunguza mimi," akasema mbele ya wote, jasho likimtiririka. "Nikamsingizia dada huyu. Dada, nisamehe. Nanyi nyote mnisamehe."

Mpiga pasi aliinamisha kichwa, kisha akampa mkono.

Hakuna aliyecheka. Moyoni Mama Pindo alishukuru kwa mjane kurudishiwa meza yake, akashukuru kwa wenzake walioshikwa na mafua ya ghafla. Lakini zaidi alishukuru kwa ajili ya mwanamume yule, maana kukiri kosa mbele ya watu unaowaamuru si jambo la mchezo.

"Mama," msimamizi akauliza kwa sauti ndogo, "sasa sala imekubali?"

"Imekubali, mwanangu. Haya, simameni."

Akaomba, akaomba, mpaka wateja waliosubiri mlangoni wakaanza kukohoa.