Chapa ya Ng'ombe kwenye Kopo la Samli

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja aliniwekea mezani pakiti mbili za sabuni ya unga. Ilikuwa ofisi ndogo ya Musoma mjini, ya kuchapa lebo na kuwasaidia wafanyabiashara kusajili alama zao. Nilikuwa nimetoka mtaani Kamunyonge kwa miguu, kidato cha nne kichwani, shati limenyooka, sijui lolote.

"Ipi ni ya mwizi?" akaniuliza.

Nikazigeuza. Ndege yuleyule, rangi zilezile. Nikainyooshea kidole ile iliyochapwa vibaya.

"Umekosea. Mwenye hiyo ndiye aliyemchora ndege. Mwenzake alimwona sokoni, akawahi kusajili. Sasa aliyechora ndiye anaitwa mwizi. Jana alikaa hapo ulipokaa, mwanaume mzima, analia."

Nilishtuka. Nimefanya kazi ile mpaka nikaota mvi, na nyinyi mnaoanza biashara leo mniamini: sikuwahi kuuzoea ule mshtuko.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja akija na alama, yaani jina au mchoro wa kutofautisha bidhaa yake na za wengine, tulianza na upekuzi: kuangalia kwa msajili kama yupo aliyetangulia na inayofanana nayo. Kisha tulichagua daraja la bidhaa, maana alama husajiliwa kwa aina ya bidhaa, haishiki kila kitu duniani. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la msajili, na yeyote anayeona ameonewa hupewa muda wa kuweka pingamizi. Muda ukipita kimya, cheti kinatoka. Zamani tulituma karatasi Dar kwa basi. Siku hizi ombi linaingia kwa mtandao kabla chai haijapoa. Wateja wangu walichelewa vilevile. Wengi walikuja na cheti cha jina la biashara kimewekewa fremu, wakidhani kimewalinda, kumbe kile kinasema tu duka linaitwaje.

Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Meneja alipotafuta wa kwenda tawi la Bunda, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Mkuu wa Tawi kule alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, na alichukia neno moja tu. "Ukisema kesho ofisini kwangu," aliniambia, "unaninunulia soda."

Hapo ndipo nilipomjua Mama Nyangeta, mjane kutoka kijiji cha Mugeta aliyeuza samli. Samli yake ilinukia mpaka nje, na akina mama wa Bunda walimngojea siku ya gulio kama wanavyongoja mgeni. Kwenye kila kopo alibandika chapa ya boma la marehemu mumewe: mwezi mchanga uliochomwa mkuki. Kule kila boma lina chapa yake ya moto, ng'ombe hupigwa pajani, na kabla ya kumnunua watu huangalia paja ndipo waangalie meno.

"Mama, hii tuisajili leo," nilimwambia.

"Leo? Mwanangu, hii chapa siyo yangu kuipeleka serikalini. Ni ya boma. Mpaka shemeji akubali."

Shemeji yake alikuwa Mzee Magesa, kaka mkubwa wa marehemu na mshika chuma cha kupigia chapa. Tukamfuata Mugeta kwa pikipiki. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha maziwa ya mgando, halafu akacheka.

"Kijana, nani ataiiba? Mtu akionekana na mwezi na mkuki ambaye siyo wa hapa, anajibu maswali tangu Bunda mpaka mbugani. Hiyo ofisi yako ilikuwaga wapi wakati babu yangu anachoma ng'ombe?"

"Ng'ombe wanajulikana, Mzee. Samli inaenda mbali."

"Basi tutakaa kikao. Tuvune kwanza."

Walivuna. Kisha kukawa na msiba. Kisha kaka mmoja alikuwa safarini. Mama Nyangeta alipita ofisini kila gulio, na Mkuu wa Tawi alimuuliza, "Wamekaa?" Naye alijibu, "Bado wanapangaga." Mkuu akamwambia kwamba mwanamke akisubiri wanaume wakae atasubiri mpaka wazeeke. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza ile sabuni.

Baadaye nilihamishiwa Kiabakari, kituo kidogo tulichofungua kwa ajili ya wilaya ya Butiama. Wiki ileile niliyofika, niliingia dukani kununua mkate nikaona rafu nzima ya makopo mapya yanayong'aa. Mwezi mchanga. Mkuki. Nikafungua moja nikaonja. Robo samli, iliyobaki mafuta ya kupikia. Nikalilipia lile kopo, mkate nikausahau.

Nilifanya upekuzi jioni ileile. Ombi lilikuwa limekwisha kutangazwa, daraja la mafuta na samli, ila muda wa pingamizi haukuwa umepita. Nikasoma jina la mwombaji mara mbili, nikidhani macho yananidanganya. Wambura Magesa. Mtoto wa kwanza wa Mzee, mfanyabiashara wa Musoma.

Miaka yote nilikuwa namwogopa mgeni.

Kesho yake nilimchukua Mama Nyangeta kutoka Bunda, tukaenda Mugeta. Njiani nilimweleza kwamba pingamizi linawezekana: tuna lebo zake za zamani, tuna wateja, tunachohitaji ni kiapo cha Mzee kwamba Mama ndiye aliyeanza kuiweka chapa kwenye samli. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Safari hii hakucheka.

"Unataka nisimame mbele ya serikali niseme mwanangu ni mwizi?"

"Nataka useme ukweli, Mzee."

"Ukweli ni kwamba chapa ni ya boma, na Wambura ni mtoto wa boma. Akienda kuchoma ng'ombe kwa hicho chuma, nitamnyima? Shemeji, wewe uliolewa hapa, tunakuheshimu. Lakini chapa haiolewi."

Nilianza kueleza upya habari ya kiapo.

Mama Nyangeta aliinuka bila kuaga. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na kibuyu cha kusukia maziwa, kikubwa, cheusi kwa moshi. Kilikuwa na ufa kuanzia shingoni, naye alikuwa ameushona mwenyewe kwa nyuzi za ngozi, mshono wa kwenda na kurudi kama njia ya mlimani.

"Hiki, shemeji, wewe ulishawahi kukishika?"

"Kibuyu cha maziwa? Mimi mwanaume nikishike cha nini?"

"Haya." Akanigeukia. "Mwanangu, twende."

Barabarani aliniambia anataka kibuyu hicho kiwe alama yake mpya. Nikamwambia mchoro wa kibuyu peke yake unaweza kukataliwa, kwa sababu kila muuza samli anacho. "Siyo kibuyu," akasema. "Mshono. Huu ufa niliushona mimi." Tulishukia ofisini Bunda. Mkuu wa Tawi aliuchora kwa mkono wake, akafanya upekuzi, akatuma ombi. Jua lilikuwa bado liko juu. Hakuna aliyenunua soda siku hiyo.

Cheti chake kilitoka bila pingamizi. Cha Wambura pia kilitoka.

Kazi nimeiacha, miguu haitaki kiti, na sasa nazunguka magulio ya Mara kama mtu aliyepoteza kitu. Kila lebo nzuri ninayoiona, namuuliza muuzaji: hii umeisajili? Wengi hujibu kwamba wanaongea kwanza na watu wa nyumbani.

Juzi nilikuwa Kiabakari, duka lilelile. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa ameinamia rafu, mgongo kwangu. Muuzaji akamshushia kopo la mwezi na mkuki, akamwambia kwa adabu, "Si hii hapa ya kwenu, Mzee Magesa?"

Mzee aliligeuza mkononi, akalirudisha.

"Nipe ya mshono," akasema.